Vinundu vya mikunde ya porini Mtwara na Lindi: dalili, vyanzo na la kufanya kabla hujatangaza spishi mpya

Mtu akikuambia amepata spishi mpya ya bakteria wa vinundu (vivimbe vya mizizini ambamo bakteria hunasa naitrojeni) kwenye marejea ya Rondo, usimwulize kwanza mashine gani ilisoma DNA. Mwulize kinundu kilisafishwa kwa nini, kwa dakika ngapi, na maji ya suuza ya mwisho yaliotesha nini kwenye sahani ya kuoteshea bakteria. Akianza kubabaika, kuna uwezekano mkubwa spishi yake mpya ni Bacillus wa kawaida aliyekuwa amejibanza kwenye ganda la nje.

Haya ni maelekezo kwa wanafunzi na mafundi maabara wanaochimba mizizi huku Kusini. Nimeyapanga jinsi malalamiko yanavyokuja, kuanzia jembe hadi jina. Matumaini ya kupata kitu kipya si ya bure. Kwenye karanga, kunde na fiwi za Namibia na majirani zake zilielezwa spishi mpya za bakteria hao: Bradyrhizobium subterraneum na B. kavangense mwaka 2015, B. vignae mwaka 2016 na B. namibiense mwaka 2017. Hayo ni mazao ya shambani, yanayoonekana kila siku. Mikunde ya porini imechunguzwa kidogo kuliko hayo. Ila madai mengi ya spishi mpya huanguka mapema, na huangukia kwenye ndoo ya kuoshea mizizi au kwenye chupa ya jiki, si kwenye kompyuta.

"Nimechimba, mzizi hauna kinundu hata kimoja"

Anza na mmea wenyewe. Si kila mti wenye maganda hufuga rizobia, yaani bakteria wa vinundu. Mkongo (Afzelia quanzensis), miyombo (Brachystegia) na mkwaju havitoi vinundu. Mkongo na miyombo hushirikiana na kuvu wa mizizini. Mjohoro unaotoa kivuli kwenye viwanja vya ofisi zetu nao hautoi, na tena si wa hapa, asili yake ni Asia. Mpingo, mninga, migunga, marejea, utupa na upupu hutoa. Kuwa mwangalifu na vimea vidogo vya Chamaecrista: watu huviweka kundi moja na Senna wakavipita, kumbe vyenyewe vina vinundu.

Kama mmea ni sahihi, tazama kalenda. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kiangazi mikunde mingi huangusha vinundu vyake, na ukichimba Agosti utakuta makovu tu. Januari hadi Machi, kabla maganda hayajaanza kujaa, ndiyo nafasi yako. Mninga unahitaji subira ya ziada. Mche wake hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukibaki hai, kwa hiyo kijiti kikavu unachokiruka porini huenda kina mzizi mnene chini. Rudi mvua zikikolea, tafuta mizizi mipya myembamba.

Kisha jinsi unavyochimba. Kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde, kung'oa mmea ni rahisi mno, na hapo ndipo tatizo lilipo: mzizi mkuu unakuja, vinundu vinabaki shimoni. Zungushia jembe mbali na shina, inua bonge zima, litumbukize kwenye ndoo ya maji, kisha mwaga juu ya chekeche. Vinundu vilivyokatika utavikuta kwenye chekeche. Kwa mti mkubwa kama mpingo usihangaike na mizizi mikuu, tafuta miche iliyoota jirani.

Sababu inayosahaulika zaidi huku kwetu ni salfa. Mikorosho hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, na sehemu kubwa ya unga huo huishia chini. Bakteria wa udongo huigeuza kuwa tindikali ya salfuriki. Udongo wa kichanga, wenye mfinyanzi kidogo na mboji kidogo, hauna cha kuituliza tindikali hiyo, kwa hiyo pH chini ya mkorosho uliopuliziwa miaka mingi huwa chini kuliko nje ya kivuli chake. Tindikali huvuruga mawasiliano kati ya mzizi na bakteria, hupunguza kalsiamu inayohitajika kinundu kianze, na huua bakteria wasioivumilia. Mmea uleule unaweza kukosa vinundu mkoroshoni na ukavijaza ukienda porini. Pima pH palepale, andika umbali kutoka mkorosho wa karibu, na chukua sampuli pande zote mbili. Nami naona hapo chini ya mkorosho pana utajiri wake: bakteria aliyeweza kuishi kwenye salfa ya miaka yote hiyo anastahili kuangaliwa, hata kama vinundu vyake ni vichache.

Mbolea ya naitrojeni nayo huzuia vinundu, kwa hiyo epuka ukingo wa mahindi yaliyowekwa yurea.

Ukishindwa kabisa, beba udongo, panda mbegu za mmea uleule kwenye vyungu na subiri wiki sita hadi nane. Hii ni mitego, na mtego una upendeleo. Kunde na siratro (mkunde wa malisho) hupokea bakteria wengi wa kila namna, lakini hata hizo zina zinaowachagua. Unachokipata chunguni si lazima ndicho kilichotawala porini, na ripoti yako iseme hivyo.

"Uvimbe upo, ila una mashaka"

Minyoo fundo huwadanganya hata wazoefu. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukijaribu kuutoa unakata mzizi. Kinundu kimebandikwa ubavuni na kidole kinakitoa. Mpingo na mninga, sawa na karanga, huwa na vinundu vidogo vya mviringo kwenye makutano ya mizizi ya pembeni, ndiyo maana huonekana kama vipele.

Kata kimoja kwa wembe mpya. Kinundu cha marejea kilichochimbwa asubuhi ya Februari kina ndani nyekundu kama nyama mbichi, na ukikiacha wazi mezani ukingo wa mkato unaanza kugeuka kahawia huku unatazama. Rangi hiyo ni leghemoglobini, inayoidhibiti oksijeni ili kimeng'enya cha kunasa naitrojeni kisiharibike. Kijani au kahawia tangu mwanzo maana yake kinundu kimezeeka. Cheupe ni kichanga bado, au kina bakteria wasionasa naitrojeni. Cheupe usikitupe, kwa kazi ya utambuzi kina thamani yake. Kilichooza ndicho cha kutupa.

Kwenye kuhifadhi: acha kipande cha mzizi kama nusu sentimita kila upande, usikate kinundu chenyewe. Kiweke kwenye kichupa chenye jeli ya silika, pamba katikati, kifuniko kikaze. Vinundu vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki vikasafiri kutoka Liwale na joto la njiani vinafika Mtwara vikiwa uji.

Na usiondoke porini bila tawi la mmea lililokandamizwa kwenye magazeti, lenye ua au tunda. Babu wa Kimwera atakupa jina la mmea bila kusita, na mama wa Kimakonde ng'ambo ya Lukuledi atakupa lingine kwa mmea huohuo. Yaandike yote mawili, ila utambulisho wa kisayansi utategemea tawi.

"Sahani imejaa siku ya pili"

Furaha hapa ni ya mapema. Kwenye agari (chakula kilichogandishwa cha kuoteshea bakteria) ya chachu na manitoli, kwa nyuzi 28, rizobia wa haraka kama Rhizobium na Ensifer huonekana siku ya tatu hadi ya tano. Bradyrhizobium, ambao ndio wengi kwenye mikunde ya porini ya kitropiki, huchukua siku tano hadi kumi. Kilichofunika sahani ndani ya saa 24 au 48 kichukulie kuwa mgeni mpaka kijithibitishe.

Chanzo kikuu ni usafishaji. Utaratibu wa kawaida ni spiriti ya asilimia 95 kwa sekunde chache ili kuvunja mvutano wa uso, kisha hipokloraiti ya asilimia 2.5 hadi 3 kwa dakika mbili hadi nne, kisha suuza angalau mara tano kwa maji yaliyochemshwa kwa presha. Jiki ya dukani hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto na mwanga, na chupa iliyokaa dirishani tangu muhula uliopita haina kazi. Nunua mpya, andika tarehe ya kuifungua.

Kabla ya kukiponda kinundu, kiviringishe juu ya sahani tupu, na kwenye sahani nyingine mwaga tone la suuza ya mwisho. Sahani hizo zikiota kitu kilekile kilichoota kwenye kinundu kilichopondwa, tupa vyote. Usijaribu kuokoa.

Rangi ya nyekundu ya Kongo kwenye agari husaidia: rizobia wengi huifyonza kidogo wakabaki weupe au waridi hafifu, wavamizi wengi huiva nyekundu. Weka sahani gizani, maana mwanga huwafanya hata rizobia waifyonze. Bluu ya bromothaimoli, rangi inayobadilika na pH, huonyesha wenye haraka wakigeuza agari kuwa njano na wa polepole wakiigeuza kuwa buluu. Hivi ni viashiria tu. Bakteria wa mikunde ya Lotononis huko kusini mwa Afrika ni waridi kabisa na bado ni wakazi halali wa vinundu, na kwenye Crotalaria za Senegali, jamii moja na marejea zetu, alipatikana Methylobacterium nodulans. Kwa hiyo koloni la rangi ngeni liweke pembeni na alama ya kuuliza, usilichome.

"Sahani haioti kitu"

Vinundu vya milimita moja hufa vyote kwa jiki ya dakika nne. Punguza iwe moja. Vilivyokaushwa vinahitaji kulowekwa saa moja au zaidi kabla ya kusafishwa. Na kuna waliotupa sahani siku ya tano.

Kama udongo ulikuwa na pH ya 5, tengeneza na agari ya pH 5.5 sambamba na ile ya 6.8. Hapo utakutana na kero nyingine: agari iliyochemshwa kwenye tindikali haigandi vizuri, kwa sababu tindikali na joto huivunja. Chemsha agari peke yake na maji ya virutubisho peke yake, changanya vikipoa kiasi. Kwa Bradyrhizobium wasumbufu jaribu pia chakula cha arabinosi na glukoneti.

"Isoleti ni safi, ila mche haupati vinundu"

Isoleti (bakteria aliyetengwa peke yake) ambayo haijarudishwa kwenye mche si bakteria wa kinundu, ni bakteria aliyepatikana ndani ya kinundu. Humo ndani huishi pia Bacillus, Paenibacillus, Pseudomonas na wengine, wapangaji wasiojenga nyumba. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa sababu inachukua wiki nyingi na haina mashine ya kupigia picha.

Chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa katikati, utambi wa pamba na mchanga vinatosha kutengeneza vyombo vya Leonard, vyungu vya majaribio vinavyonyonya maji kwa utambi. Mchanga uwe wa mtoni, uoshwe sana, uchemshwe kwa presha. Usichukue wa ufukweni Mikindani hata kama ni mweupe na unapendeza: una chumvi na una chokaa ya matumbawe inayopandisha pH. Maji ya virutubisho yasiwe na naitrojeni. Panga makundi matatu: yaliyochanjwa isoleti, yasiyochanjwa, na yasiyochanjwa yenye naitrati ya potasiamu ya asilimia 0.05. Kundi la tatu hukuonyesha mche unavyokuwa ukishiba naitrojeni, na bila hilo huwezi kujua kama unjano wa majani ni njaa au ugonjwa.

Vyombo visivyochanjwa vikipata vinundu, jaribio zima limekufa. Hakuna hesabu ya kutoa "vile vya bahati mbaya". Tafuta njia waliyopitia: maji yaliyoruka wakati wa kumwagilia, sisimizi, vumbi la dirishani, mbegu isiyosafishwa, mikono ya aliyetoka kugusa vyombo vilivyochanjwa. Funika mchanga kwa changarawe iliyochemshwa, na hudumia wasiochanjwa kwanza kila siku.

Isoleti isipotoa vinundu kokote, fikiria haya. Huenda ni mpangaji tu. Huenda umemjaribu kwenye mwenyeji asiye wake. Kama mbegu za mpingo hazikuota, kunde na siratro ni mbadala, ila kukataliwa na kunde si hukumu ya mwisho. Au amepoteza jeni zake. Kwa Rhizobium jeni za vinundu mara nyingi zipo kwenye plasmidi (kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu), na plasmidi huweza kupotea kwenye joto kali au kwa kuhamishwa sahani baada ya sahani. Chumba chenye nyuzi 36 mchana umeme ukikatika si kitotoleo. Bradyrhizobium wanazo kwenye kromosomu, ni watulivu zaidi. Gandisha akiba kwenye gliseroli mapema, mara tu koloni likiwa safi.

"PCR haitoi mstari" na "vilele viwili"

Rizobia wana ute, na ute huo hubebana na DNA ukaizuia PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA). Wakuzie kwenye chakula cha triptoni na chachu badala ya manitoli, osha seli kwa chumvi ya molari moja, na punguza DNA mara kumi kabla ya kulaumu vianzio (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili).

Vilele viwili kwenye chati ya kusoma DNA vikianza mwanzo wa mfuatano, una bakteria wawili. Rudi kwenye sahani, chora tena mpaka makoloni yote yafanane, hasa ukijua kuwa mwenye ute hufunika mwenzake. Vikianza ghafla katikati baada ya mfuatano safi, huenda ni nakala tofauti za 16S (jeni inayotumika kutambua bakteria) ndani ya bakteria mmoja. Ensifer wana nakala tatu.

nodC, mojawapo ya jeni za vinundu, isipopatikana, usifute isoleti kwa haraka. Baadhi ya Bradyrhizobium wa Aeschynomene, mimea ya mabonde yenye maji kama kingo za Ruvuma, hawana kabisa jeni za nodABC na bado hutengeneza vinundu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2007.

"16S inasema asilimia 99.8, kwa hiyo si mpya"

Hapa watu wengi hupoteza spishi halisi. Chini ya asilimia 98.7 hivi, 16S inakupa ruhusa ya kushuku spishi mpya. Juu ya hapo haikuambii kitu, na kwa Bradyrhizobium ni kimya kabisa, maana spishi tofauti hufanana kwa zaidi ya asilimia 99. USDA 110, bakteria maarufu wa soya, iliitwa B. japonicum mpaka mwaka 2013 ilipotengwa kuwa B. diazoefficiens.

Kinyume chake pia kipo: asilimia 97 kutoka kwenye kipande chafu cha besi (herufi za DNA) 500 ni takataka. Taka mfuatano unaokaribia besi 1,400, soma pande zote mbili. Na linganisha na isoleti za kielelezo tu, zile ambazo jina la spishi limefungwa kwazo. Jibu la kwanza kwenye hifadhidata mara nyingi ni "bakteria asiyeoteshwa", au jina aliloliweka mtu kwa kubahatisha.

Hatua inayofuata ni jeni za utunzaji, zinazoendesha maisha ya kila siku ya seli: recA, glnII, atpD, gyrB, rpoB. Tumia kadhaa kwa pamoja.

"recA inasema hivi, nodC inasema vile"

Zinasema mambo mawili tofauti, na zote huenda ziko sahihi. Jeni za vinundu husafiri kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Nyuzilandi, shamba la Lotus lilichanjwa bakteria wa aina moja, na miaka michache baadaye vinundu vilikuwa na bakteria wa namna nyingi wenye jeni zilezile za vinundu. Wenyeji wa udongo walikuwa wamezipokea kama kifurushi kimoja cha besi laki tano hivi. Utafiti wa kwanza wa jambo hilo ulitoka mwaka 1995. Kwa hiyo nodC na nifH (jeni ya kunasa naitrojeni) hukuambia bakteria anaishi na mmea gani. Ukoo wake utaupata kwenye jeni za utunzaji.

Ndiyo maana historia ya shamba ni data. Nachingwea, kwa mfano, ilifyekwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, uliotuachia bandari ya Mtwara na karanga kiduchu. Karanga haichagui sana bakteria. Msitu uliorudi juu ya shamba la namna hiyo usiuandike kuwa pori lisiloguswa.

Jeni za utunzaji zenyewe zikigombana, kumekuwa na mchanganyiko wa jeni hata huko. Usipige kura. Soma jenomu, yaani DNA yote ya bakteria.

"Jenomu imekuja, ila haieleweki"

Bradyrhizobium huwa na besi kati ya milioni 7 na 10 hivi. Ukiunganisha ukapata milioni 14, umesoma bakteria wawili. Ikiwa safi, vipimo ni viwili: ulinganifu wa wastani wa nyukleotaidi chini ya asilimia 95 hadi 96 dhidi ya isoleti za kielelezo zote za jirani, na uchanganyaji wa DNA wa kikompyuta chini ya asilimia 70. Linganisha na zote, pamoja na zilizoelezwa mwaka jana. Mimi binafsi siamini spishi ya isoleti moja. Ukiweza kuonyesha wengine kutoka Newala, kutoka Kilwa, au kutoka mmea wa pili, hoja yako inasimama.

"Mhariri amerudisha andiko"

Mara nyingi si sayansi, ni karatasi. Kanuni za majina ya bakteria zinataka isoleti ya kielelezo iwekwe kwenye hifadhi mbili za umma za bakteria zilizo katika nchi mbili tofauti, na hati za hifadhi ziambatishwe. Hifadhi nazo huikuza upya na kuikagua kabla ya kutoa hati, hivyo tuma mara tu jenomu inapokupa matumaini. Bakteria akitoka nchini lazima awe na mkataba wa kuhamisha sampuli, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka ridhaa ya nchi ipatikane kabla, si baada ya uchunguzi kukamilika. Hifadhi nyingi za Ulaya hazipokei kichupa bila karatasi hizo. Ziombe kabla ya msimu wa mvua kuanza, pamoja na kibali cha kuingia hifadhi ya msitu na barua ya serikali ya kijiji.